Mtu wa Moshi Chini ya Nyota

Lori lililonileta Timau lilikuwa la mbuzi. Nililipandia Marsabit nikakaa juu kabisa pamoja na makuli wawili, mkoba wa kamera nimeukumbatia kama mtoto mchanga. Nilikuwa narudi nyumbani Embu baada ya miaka mingi ya kuzurura. Nilikuwa nimepiga picha za harusi Eldoret, za pasipoti Garissa, za watalii wachache kule Turkana, na kila nilipokaa nilikumbuka nilipotoka. Ndivyo nilivyo. Nikiwa Lodwar nalilia mvua ya kwetu Kianjokoma. Nikinyeshewa Kianjokoma nalilia jua la Lodwar.

Mpaka Isiolo tulikuwa tumefungua vifungo vya mashati. Kisha lori likaanza kupanda, na kwa kila kona hewa ikawa nyingine. Makuli wakavaa sweta, kisha makoti, kisha wakaingia katikati ya mbuzi. Mimi sikuwa na kitu. Tulipofika Timau, chini ya mlima, injini ilichemka, dereva akasema hatuendi popote hadi apate kifaa kutoka Nanyuki. Nilishuka meno yakigongana hadi nikashindwa kumuuliza choo kiko wapi.

Pale tuliposimama palikuwa na lango la shamba kubwa la ngano, na bawabu aliyekuwa akiota makaa kwenye debe. Jina lake Baba Mwenda. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Umetoka wapi na shati la kanisani?"

"Marsabit."

"Basi akili umeiacha huko. Kuja hapa kabla hujakauka."

Akaingia kibandani akanitolea kabuti kuukuu la kijivu, zito kama blanketi lililolowa, kifungo kimoja kimekatika. Akanipa pia vijiti vichache vya miraa kunichangamsha. Hapo ndipo nilipoinua macho. Mlima ulikuwa nyuma yetu, mweusi, na nyota zilianzia kwenye mabega yake zikamwagika mpaka upande wa Isiolo. Nilikuwa nimeishi chini ya nyota maisha yangu yote bila kufikiria kuzipiga picha. Nikafunga kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu.

Picha ya nyota tupu haina ukubwa. Inahitaji kitu cha kuipimia, mti au nyumba au mtu. Nami sikuwa na mtu ila mwenyewe. Basi nilikuwa nabonyeza kamera, nakimbia, nasimama katikati ya mabua ya ngano nikiwa nimezuia pumzi kwa nusu dakika huku jicho la kamera likiwa wazi. Ukitulia, unatokea kama ulivyo, na mshono wa kabuti unaonekana. Ukitikisika, kamera inakuandika kama moshi.

Lori lilitengenezwa kesho yake. Liliondoka bila mimi.

*

Nilifungua studio ndogo karibu na barabara. Mchana nilipiga picha za wanafunzi na za vitambulisho. Anga likiwa safi, hasa Januari na Februari kabla ya mvua, nilikwenda mashambani. Nyumba za plastiki za kampuni za maua zilikuwa na taa zinazopaka upande mmoja wa anga rangi ya machungwa, kwa hiyo nilijifunza kuzipa mgongo. Nyumba moja ya wageni ikatundika picha zangu ukutani, watu wakaanza kuniita Njeru wa Nyota.

Jirani wa studio alikuwa na hoteli ya chai na viazi. Huyo ndiye Kawira. Kabla hatujaoana alinipa sharti moja tu. Baba yake alikuwa mtu wa miraa. Hakuwa mlevi wala mgomvi, alikuwa mtu wa miraa tu. Shamba lilikwenda kipande kwa kipande, na mama yake akarudi kwao Kibirichia na watoto na sufuria.

"Mimi sitaishi na mtu ambaye halali," Kawira aliniambia. "Nimeshaishi naye."

Nilikuwa natafuna na Baba Mwenda usiku wa picha ili nisisinzie. Nilipunguza, na binti yetu Kendi alipozaliwa niliacha kabisa. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba nilikuwa nimeacha. Kwa muda mrefu ni mimi peke yangu niliyelijua hilo.

*

Ugonjwa ulikuja na mvua ya Aprili, na ulikuja kama zawadi. Baridi iliniacha. Watu wa Timau walikuwa wamejifunika kofia za sufu mpaka kwenye nyusi, mimi nikatembea na fulana. Niliona nimekuwa mwenyeji hatimaye. Nilimrudishia Baba Mwenda kabuti lake nikijisifu.

"Hili silihitaji tena."

"Basi wewe si mtu wa kawaida," akasema, akilitundika msumarini. Alikuwa anatania. Sote wawili tulicheka.

Baadaye nikaanza kutoa jasho nikiwa nimekaa. Nilikula ugali wangu, nikamaliza wa Kendi, nikaingia hotelini kwa Kawira nikala viazi vilivyobaki, na bado suruali ikawa inashuka. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayekimbilia gari. Usingizi ulikuwa mwepesi, wa kuvunjikavunjika. Mikono ilitetemeka, si sana, kama waya wa simu wakati wa upepo. Na macho yalianza kutoka. Nikijitazama kwenye kioo cha studio niliona mtu aliyeshtuliwa na jambo ambalo hakuambiwa.

Sasa, mahali pengine Kenya mtu akikonda hivyo watasema ana kile kidudu, au amelogwa. Huku Meru, kunakolimwa miraa, ukikonda, ukitetemeka, ukatoa macho, ukaongea haraka, hakuna anayekuuliza una nini. Wanajua. Hata mtoto wa shule anajua.

Kawira alianza kwa kunusa koti langu. Siku moja nilimkuta ametoa kila kitu kwenye mkoba wa kamera, lenzi na nyaya zote, akavipanga kitandani kama polisi.

"Unatafuta nini, Mama Kendi?"

"Wewe unajua."

"Sitafuni."

"Baba yangu pia alikuwa hatafuni. Alikufa akiwa hatafuni."

"Sasa mtu wa miraa anakula hivi ninavyokula?"

"Unakula ili nikuone unakula."

Nilimpigia kelele. Hiyo nayo ilikuwa dalili, ingawa sikujua. Hasira ilikuwa inanijia kama maziwa yanavyofurika jikoni. Kendi alijificha nyuma ya mama yake, na hilo Kawira alilihesabu pia.

Nilikwenda kliniki moja ya karibu. Nilikaa kwenye benchi nusu ya siku. Yule kijana wa ndani alinitazama mara moja, akanishika kifundo cha mkono, akatabasamu kama tunajuana. "Mzee, punguza majani. Kunywa maji mengi." Nilitoka na panadol.

Wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Walikuwa watu wema, na waliomba kwa nguvu. Jumapili iliyofuata wakanisimamisha nitoe ushuhuda. Nilisema ukweli, kwamba nimeacha tangu mtoto azaliwe, na namshukuru Mungu. Lakini nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo, na kurasa zake zilikuwa zinapepea. Kurasa zilisikika kanisa zima. Mama mmoja kwenye viti vya nyuma akaguna. Nilirudi kuketi kando ya Kawira naye akasogea mbali kidogo, upana wa kiganja labda. Nimewahi kudungwa na kukatwa tangu siku hiyo. Hakuna kilichoniuma kama nafasi ile kwenye benchi.

*

Ngano ilivunwa. Anga likafunguka baada ya mawingu ya Julai, nikaenda kwenye mabua kama kila mwaka. Nilisimama mahali pangu, nikazuia pumzi, nikatulia kadiri ya uwezo wangu.

Nilipotazama picha, nyota zilikuwa kali kama ncha za sindano. Mlima ulikuwa mlima. Hata mabua yalihesabika. Katikati yake hapakuwa na mtu, palikuwa na moshi wenye miguu. Nilirudia. Moshi. Nikafikiri ni upepo, lakini upepo ungetikisa mabua pia. Nikafikiri ni stendi, lakini stendi ingeharibu nyota. Kila kitu duniani kilikuwa kimetulia isipokuwa mimi.

Nilikimbia nyumbani nikimbebea Kawira ushahidi. Nilidhani ataona ninachokiona, kwamba hiki ni kitu kilicho ndani ya mwili, kwamba zamani nilitafuna miraa usiku ule ule wa picha na bado nilitokea mzima. Alitazama kile kioo kidogo cha kamera kwa muda mrefu.

"Hata kamera imekuona," akasema.

Asubuhi alifunga hoteli. Alikuwa amemvika Kendi sweta mbili na kumfunga mgongoni.

"Nakwenda Kibirichia kwa mama. Siku utakayoniambia ukweli, unipigie."

"Nimekuambia ukweli."

"Basi Njeru, sijui nikufanye nini."

Hakulia. Angelia ningekuwa na matumaini.

*

Dada yangu Wanja anaishi Kianjokoma, kwenye shamba la chai la wazazi wetu. Ndiko nilikokuwa nikienda na lile lori la mbuzi miaka ile, na sasa nilifika nikiwa mifupa. Alikuwa anachuma majani ya chai. Alishusha kikapu akanizunguka mara mbili.

"Mwana wa mama, ni muguka?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nimevuka kutoka Meru hadi Embu. Jani lilibadilika jina, mashtaka yakabaki yale yale.

"Si muguka, wala si miraa. Naapa kwa kaburi la mama."

Wanja si mtu wa maneno mengi. Alinitazama nikila. Alinitazama nikipumua baada ya kupanda kile kilima kifupi cha kwenda chooni. Kisha akasema, "Kesho tunashuka Embu hospitali, na hatutoki huko hadi mtu mwenye koti jeupe akuguse kwa mikono yake."

Foleni ya Embu huanza gizani. Unapewa kadi, unakaa kwenye benchi la mbao, benchi linasogea. Kando yangu aliketi shosho mmoja, bibi kizee kutoka Ishiara, Ciarunji, muuza ndengu, shingo yake ameifunga kitambaa cha maua. Alinikagua bila haya.

"Wewe unatazama kama umemwona chui."

"Naambiwa ni majani, shosho."

"Na mimi niliambiwa nimemeza kokwa la embe." Akafungua kitambaa kidogo nikaona uvimbe wake, akakifunga tena kama mtu anayefunga duka. "Unafanya kazi gani?"

"Napiga picha za nyota."

"Kwani zinataka vitambulisho?"

Benchi zima lilicheka. Wanja alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Tangu Aprili sikuwa nimesikia watu wakicheka nami, walikuwa wananicheka tu.

Daktari alikuwa mama wa makamo aliyechoka. Hakuniuliza natafuna nini. Aliniambia ninyooshe mikono, akalaza karatasi tupu juu ya vidole, tukaitazama wote ikitetemeka. Akanipa maji katika kikombe. "Kunywa polepole." Alikuwa anatazama koo langu. Akaja nyuma yangu akaweka vidole viwili shingoni, vidole baridi, na nikajua kabla hajasema kwamba amepata alichokuwa anatafuta. Ilikuwa tezi ya shingo, inayofanya kazi kupita kiasi na kuukimbiza mwili mzima. Majibu ya damu yalithibitisha. Lakini moyo ulikuwa umeshachoka, unapiga ovyo, na hakutaka nirudi Kianjokoma. Nililazwa siku hiyo hiyo. "Ungekawia," akasema, na hakumalizia.

Nilimpigia Kawira simu kutoka kitandani.

"Ni tezi."

"Leo ni tezi. Jana ilikuwa uchovu. Juzi ilikuwa upepo."

"Daktari amesema moyo unaweza kusimama."

Nilisikia kuku wa mama yake.

"Uko wodi gani?" akauliza.

*

Kawira alikuja peke yake, Kendi amebaki kwa nyanya. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, na akafanya jambo ambalo wagonjwa wenzangu walilichukulia kuwa mapenzi. Hakuondoka. Alitazama kila aliyenisogelea. Alifunua mto wangu. Wanja alipoleta uji, Kawira aliukoroga kwa kijiko mpaka chini. Dada yangu alivimba kwa hasira, nikamwomba kwa macho anyamaze. Kawira alikuwa na haki yake ya kutafuta. Mimi niliogopa kitu kingine: kwamba hatapata chochote na bado hataamini, kisha moyo wangu usimame huku tukiwa hivyo.

Sijui alikaa usiku ule kwa ruhusa ya nani. Nilipewa dawa ya kutuliza moyo na nyingine ya kunilaza, nikalala. Yaliyofuata aliniambia yeye.

Alisema alinisikiliza nikikoroma. Kisha akaweka kiganja kifuani mwangu. Mimi nilikuwa nimelala kama mtoto, mdomo wazi, lakini chini ya kiganja chake moyo ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena. Akangoja utulie. Haukutulia.

Nilipoamka kiganja bado kilikuwa pale. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Baba yangu hakuwahi kulala," akasema. "Ukiona moyo wake unakimbia, macho yake yako wazi, anakuongelesha. Wewe ulikuwa umelala, Baba Kendi. Ulikuwa umelala na unakimbia."

Nilishika kidole chake kimoja. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukuta kwa heshima.

*

Kwa wanaoanza njia hii ya tezi, nitasema niliyoambiwa na niliyoyaona tu. Vidonge haviondoi kitu kwa siku moja. Nilivimeza mvua ya vuli yote kule kwa Wanja, na kutetemeka kulipungua polepole kama ngoma inayokwenda mbali. Niliambiwa nikiumwa na koo pamoja na homa nisingoje, nirudi mbio wakanipime damu, kwa kuwa vidonge hivyo huweza kupunguza kinga ya mwili. Iliwahi kunitokea mara moja, nikashuka Embu kwenye pikipiki huku Wanja akinishika kwa nyuma kama gunia. Ilikuwa mafua tu, lakini nendeni. Msione haya.

Kabla ya upasuaji wa kuitoa tezi nilipewa matone ya kahawia ya iodini kwenye maji, machungu kama chuma. Walinikata shingo Januari. Niliogopa sauti, kwa sababu walinieleza kwamba mshipa wake unapita karibu. Nilipozinduka nilijaribu kuita "Kawira" na ikatoka hewa. Kwa wiki kadhaa niliongea kama mlango mbovu. Vidole viliwasha na kufa ganzi hadi waliponipa dawa ya kuongeza kalsiamu mwilini. Kendi aliletwa, akagusa plasta, akauliza kama kichwa kilikuwa kimetoka. Nilimwambia kimerudishwa.

Shosho Ciarunji alikatwa wiki ile ile niliyokatwa mimi. Tulipokutana kliniki, kila mmoja na kovu lake, alinishauri.

"Daktari anasema sasa utakuwa unasikia baridi?"

"Anasema nitameza kidonge maisha yangu yote, na hata hivyo baridi itanisumbua."

"Basi toka huko mlimani. Nina chumba Ishiara. Nyota zetu hazivai sweta."

Kawira ndiye aliyeamua. Alikwenda Ishiara peke yake siku ya soko, akazunguka, akauliza bei za viazi, akanusa hewa. Alirudi akasema viazi vya Timau vitanunuliwa kule kama peremende. Na kwamba alikuwa ametoka nje ya kile chumba jioni, na pale hapakuwa na taa za maua upande wowote.

*

Tuliondoka Timau Februari, kwa lori la viazi, kabla jua halijachomoza. Dereva alikuwa anakaza kamba. Kendi alikuwa amelala mbele, mdomo kwenye kioo. Kanisa halikuja kutuaga, isipokuwa yule mama aliyeguna. Alileta maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu, akampa Kawira, akanitazama kovu, akaondoka. Nililipokea hilo.

Baba Mwenda alikuwa langoni na debe lake la makaa.

"Njeru wa Nyota. Unatetemeka tena?"

Kawira aligeuka haraka. Nilimwona akigeuka. Desturi ya kushuku ya karibu mwaka mzima haitoki kwa kisu.

"Ni baridi," nikasema. "Baba Mwenda, nasikia baridi."

Meno yalikuwa yanagongana kama siku ile ya kwanza. Mzee akaingia kibandani akalitoa lile kabuti kwenye msumari. Kawira alilichukua mikononi mwake, akanivika yeye mwenyewe, akafunga vifungo kimoja kimoja, na kwenye kile kilichokatika akaacha mkono wake kidogo.

"Piga moja," akasema. "Dereva atangoja."

Nikafunga stendi. Safari hii sikukimbia. Nilimwonyesha Kawira mahali pa kubonyeza, nikaenda taratibu hadi kwenye mabua, mlima nyuma yangu, anga likiwa bado jeusi juu ya Isiolo. Baridi ilinipita hadi mifupani. Nikaweka miguu sawa, nikazuia pumzi.

Alinipungia mkono kwamba imekwisha. Nilipomfikia alikuwa ameinamia kioo cha kamera, anakuza picha kwa kidole, anakuza tena, nyota zikitoka pembeni mpaka nikabaki mimi tu. Dereva akapiga honi. Kawira hakuinuka. Aliweka ukucha mahali kifungo kilipokosekana kwenye kabuti. Palionekana wazi, hata uzi uliokatika.